Jogoo Aliyemkalia Mkunga

Bi Usipepese hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watu, na watu hawana huruma. Ukikaa mbele ya kamera yake, uwe mkurugenzi au mtoto wa chekechea, sauti inayokujia ni ile ile: "Usipepese! Nimesema usipepese! Haya, umepepesa." Mtu amesema hivyo miaka ishirini na sita, mlitaka aitwe nani?

Studio anayo, chumba kimoja chenye pazia la bluu na stuli inayoyumba, lakini studio haimkalishi. Mara nne kwa mwaka anafunga mlango, anabeba mikoba yake miwili na kupanda basi kwenda miji midogo ambako hakuna mpiga picha, au yupo lakini anawakata watu vichwa. Anapiga madarasa ya mwisho, vitambulisho, wazee ambao watoto wao wako mbali, na vichanga vilivyolala fofofo. Baada ya wiki mbili anarudi miguu imevimba, anasafisha picha zake, anazitia kwenye bahasha na kuzirudisha kwa wenyewe kwa basi lile lile.

Sasa, kama na wewe ni wale wanaodhani picha za siku hizi ni kubonyeza na kusahau, usithubutu kulisema hilo mbele yake. Enzi za filamu, basi lilikwama kwenye kivuko, mkoba wake ukadondoka mtoni na harusi nane ndani yake. Alizunguka nyumba nane kuomba radhi. Bibi harusi mmoja hajamwitikia salamu mpaka leo, na huyo bibi harusi sasa ana mjukuu. Tangu hapo Bi Usipepese akawa mkali wa picha kama mama mwenye mtoto mmoja.

Zilipokuja kamera za kadi, ndio akazidi. Kila jioni ya safari, hajaoga, hajala, anachomeka kadi kwenye kompyuta yake ndogo na kunakili picha zote. Kisha anazinakili tena kwenye diski ya pembeni. Ukimwambia "unahamisha picha?" atakukaripia: "Sihamishi mimi, nanakili. Ukihamisha zimetoka huku zimekwenda kule, na kule kukiharibika umeumia. Ukinakili, ziko huku na kule." Kompyuta inalala kwenye mkoba mmoja, diski kwenye mkoba wa pili, imeviringwa kwenye khanga. Kadi zenyewe zinakaa kwenye kisanduku cha sabuni, na hazirudiwi kutumika mpaka afike nyumbani. Na kabla hajamaliza kunakili, hata umuulize mara kumi kama amepiga picha, jibu lake ni moja: "Nimeanza."

Mkwe wake alimwambia siku moja kwamba huo ni ugonjwa. Akajibu kwamba ni sawa, na dawa hataki.

Safari ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya mkunga. Bibi huyu ana miaka themanini na sita, na arobaini na miwili kati ya hiyo aliitumia kuzalisha wanawake katika zahanati ya mji mmoja mdogo, chumba cha vitanda vitatu. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Bi Usipepese mwenyewe alipita; mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto alikataa kulia, mkunga akamshika miguu, akampiga kofi moja la makalio, na kelele zile hazijanyamaza mpaka leo.

Wazo lilikuwa la dereva mmoja wa basi, naye pia ni mtoto wa mkunga yule. Alitaka wote waliozalishwa naye wakusanyike siku moja wapige picha naye. Alipiga simu miaka miwili mizima. Wakaja watu mia mbili na kumi na wanne: walimu, waashi, muuguzi aliyepanda ndege kutoka ng'ambo, mapacha waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya nyumba ya urithi, na mzee wa miaka sitini na mbili aliyekuwa mtoto wa kwanza kabisa wa mkunga. Walisimama kwenye ngazi ndefu za shule, safu juu ya safu, na dereva akaandika kwenye daftari majina yao yote, safu kwa safu, na habari kidogo za kila mmoja. Mkunga akawekewa kiti chini, mbele ya wote.

"Macho yako, Bibi, vipi?" Bi Usipepese alimuuliza akimtengeneza kitambaa cha kichwa.

"Mtoto wa jicho, mwanangu. Mpaka kitu nikisogeze puani ndio nakiona. Watoto wote nimewatoa, huyu wa jicho ndiye amekataa kutoka."

Safu nzima ya mbele ikavunjika mbavu. Bi Usipepese alipiga picha tatu za kundi zima, huku akifoka wasipepese, na watu mia mbili walipouliza kwa pamoja "Tayari?", furaha ikampanda kichwani akajibu "Tayari!" Neno hilo ndilo walilokuwa wakilingoja. Wakakumbatiana, wakalia kidogo, na kabla ya jua kuzama wengi walikuwa wameshapanda mabasi.

"Picha yangu naletewa lini?" mkunga aliuliza.

"Kabla ya mwezi kwisha, Bibi. Naileta mwenyewe."

"Usichelewe basi. Mimi si wa kungojwa sana."

Alisema kwa mzaha, lakini Bi Usipepese ilimkaa moyoni. Watu wale kukusanyika tena haikuwezekana, na hilo kila mtu alilijua.

Na sasa tunafika penye balaa. Siku mbili nyuma, waya wa chaji ya kompyuta ulikuwa umesahaulika ukutani kwenye nyumba ya wageni. Alikumbuka akiwa ndani ya basi, akajipiga kofi la paja. Chaji iliyobaki ilitosha kunakili picha za jana yake tu; jioni ile ya mkunga, kompyuta ilikuwa imezima ti, na diski bila kompyuta ni kipande cha bati tu. Picha zote za siku ile, za mkunga na za wateja wa asubuhi, zilikuwa mahali pamoja: kwenye kadi nne, ndani ya kisanduku cha sabuni.

Bahati nzuri njia ya kurudi inapita mji anakoishi mdogo wake, na mume wa mdogo wake ana kompyuta. Shemeji huyu ni karani mstaafu, na mtaani wanamwita Mtaalamu. Alisoma kompyuta wiki tatu, cheti kimetiwa kwenye fremu, kimetundikwa juu ya televisheni. Kompyuta yenyewe imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na kuifunua ni sherehe kama kumfunua bibi harusi.

"Leo umechoka, shemeji," Mtaalamu alimwambia. "Picha hazina miguu. Kesho asubuhi tutazinakili kwa utulivu, kwa utaratibu."

Miguu ilikuwa inamwaka moto. Alikubali. Kwa mara ya kwanza tangu ule mto umeze harusi nane, Bi Usipepese alilala na picha ambazo zilikuwa mahali pamoja tu.

Asubuhi alifungua kisanduku cha sabuni, akakuta kifuniko kimepasuka na vumbi la barabara limeingia mpaka ndani. Kadi zilikuwa nyekundu. Alitaka kwenda dukani mara moja kutafuta waya wa chaji, kwa hiyo akamwachia shemeji kazi nyepesi.

Tusikilizane vizuri hapa, maana mambo yote yaliharibikia kwenye neno moja. Mtu mwingine angesema "zisafishe". Lakini kwa mpiga picha wa zamani, kusafisha ni kuitoa picha ikaonekana kwenye karatasi, na Bi Usipepese neno la kazi halichezei. Akasema, "Shemeji, kadi zangu zimechafuka. Nifutie, halafu uzirudishe kisandukuni."

"Zote nne?"

"Zote nne. Taratibu lakini, ni za kazi hizo."

"Niachie mimi," alisema Mtaalamu, akainuka kwenda kuifunua kompyuta.

Bi Usipepese alikwisha toka mlangoni. Angegeuka tu! Hakugeuka.

Aliporudi na waya wake mkononi, hana hili wala lile, shemeji alikuwa amesimama sebuleni anang'aa uso mzima.

"Tayari, shemeji. Nyeupe pee! Hata harufu ya picha haimo."

"Harufu ya nini?"

"Ya picha. Zilikuwa zimejaa, ndiyo maana ulisema zimechafuka. Kila kadi iliniuliza, una uhakika? Nikajibu ndiyo. Mara nne imeniuliza, mara nne nimejibu!"

Bi Usipepese alishika kiti. "Shemeji. Mimi nilisema ufute vumbi."

"Vumbi? Vumbi si linapanguswa? Wewe umesema nifute. Kwenye kompyuta, kufuta ni kufuta!"

Bi Usipepese akakaa chini, sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Hakulia. Alitaka kulia na kilio hakikuja. Kilichokuja ni hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa ile jioni moja, jioni moja tu, aliyojionea huruma akalala. Alimwona mkunga kwenye kiti chake. Aliona ngazi zile za shule zimejaa watu, halafu akaziona tupu.

"Kadi moja iko kwenye kamera," Mtaalamu aliongeza kwa sauti ndogo, kwa sababu alishaanza kuelewa. "Niliijaribu kama inafanya kazi. Nimempiga jogoo."

"Picha ngapi?"

"Kumi na moja. Alikuwa hatulii."

Mdogo wake alitokea jikoni na mikono ya sabuni. Alimtazama dada yake sakafuni, akamtazama mumewe. "Mume wangu, mimi nilikwambia ushughulike na redio."

Hapo Bi Usipepese alizinduka. Kitu kimoja alikuwa anakijua, alikisikia zamani kwa mafundi, akakishika: kadi iliyofutwa usiiguse tena, usiipige hata picha moja juu yake. "Kamera izimwe!" alipaza sauti. "Mtu asiguse kitu. Hata huyo jogoo asisogee." Jogoo, kwa taarifa yenu, alikuwa juu ya ukuta, ametulia tuli.

Fundi wa kompyuta alikuwa mama mmoja mwembamba, mfupi wa maneno, mwenye chumba nyuma ya duka la simu, meza imejaa nyaya. Aliwasikiliza wote wawili wakisema kwa wakati mmoja, kisha akainua kidole.

"Mmefuta. Sawa. Kufuta kwa namna hii ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa zenyewe bado zimo, ila kitabu hakijui ziko wapi. Nitazitafuta moja moja. Baada ya kufuta, mliandika chochote juu yake?"

Bi Usipepese alimgeukia shemeji yake.

"Jogoo," alisema Mtaalamu.

Kazi ilichukua siku mbili. Kwanza fundi alinakili kila kadi nzima nzima ilivyo, akaziweka kadi zenyewe pembeni, akafanyia kazi nakala. Bi Usipepese alipoona hivyo, moyo ukamtulia kidogo. Huyu ni mtu wa dini yake. Mtaalamu naye hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje siku zote mbili, akaleta chai, akaleta mikate, kila saa akichungulia dirishani kama mume aliyezuiwa mlango wa wodi. Mkewe alikuja kumwita akale, akakataa.

Picha zikaanza kurudi. Kadi tatu zilirudi zote, na kila uso ulipotokea kwenye kioo Bi Usipepese aliuita kwa sauti: darasa la mwisho la shule ya mtoni, yule mzee mwenye kofia, kichanga cha yule muuza mkaa. Machozi yale yaliyokataa kutoka sakafuni yakatoka sasa, akayaacha yatiririke. Ikabaki kadi ya nne, ambayo ndiyo ya ngazi za shule, na ndiyo ya jogoo.

Fundi alieleza kilichotokea, akakieleza tena, na walichoelewa wao ni kwamba picha mbili za kwanza za kundi zimekufa kabisa. Ya tatu ilipatikana. Akaifungua. Watu walikuwepo wote, safu juu ya safu, meno nje, mapacha wamesimama mbalimbali, muuguzi wa ng'ambo na miwani yake. Lakini kuanzia viunoni mwa safu ya mbele kushuka chini, picha ilikuwa kijivu kitupu. Katikati ya kijivu hicho, juu kabisa, ilibaki ncha ya kitambaa cheupe cha kichwa.

"Jogoo amemkalia mkunga," alisema fundi, na wala hakutabasamu.

Mtaalamu alishika kichwa. Kisha matumaini yakamjia. "Lakini si tunaweza kumbandika? Shemeji anampiga picha nyingine kwenye kiti kile kile, wewe unambandika hapo. Nani atajua?"

"Nabandika," fundi alikiri. "Nusu saa tu."

Bi Usipepese alifuta uso kwa kiganja. Ilimvutia, tusimsingizie utakatifu. Angefika na picha nzima, angesifiwa, angeondoka. "Hapana," alisema mwishowe. "Mimi sibandiki watu. Nitampelekea ilivyo, nimwambie ilivyokuwa. Akinifukuza, nimefukuzwa."

"Kama ni hivyo hatukwenda peke yako," alisema Mtaalamu, maneno yakimgongana kwa wasiwasi. "Yaani huendi peke yako. Aliyefuta ni mimi, atakayesema ni mimi."

Safari hii nakala zilikuwa nne. Ya nne aliibeba shemeji mwenyewe, amefunga kwa pini ndani ya mfuko wa shati, na kila basi liliporuka shimo alikuwa akijipapasa kifua.

Mkunga aliwapokea sebuleni kwake, chumba chenye viti viwili na kitanda cha kupumzikia karibu na dirisha. Bi Usipepese alikuwa ameisafisha picha kwa ukubwa wa karibu meza ndogo, maana alijua macho yale. Lakini hakuitoa. Alikaa na bahasha mapajani, na Mtaalamu akaanza. Alianza kwa vumbi, akaenda kwenye neno, akaja kwenye kompyuta, akafika kwa jogoo akaishiwa na sauti. "Wewe umekosekana, Bibi," alimalizia. "Watu wote wamo, wewe humo. Kosa ni langu mimi."

Mkunga aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Bi Usipepese akaruka kumshika, akidhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jogoo! Wa rangi gani?"

"Mwekundu, Bibi."

"Lete picha yangu hapa."

Waliitandaza kitandani, mwanga wa dirishani ukaipiga. Mkunga aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alikaa hivyo muda, akisogea polepole kutoka uso hadi uso, na ile sehemu ya kijivu hakuitazama hata mara moja.

"Bibi, unisamehe," Bi Usipepese alisema. "Picha yako imetoka bila wewe."

"Mimi wa nini?" mkunga alijibu bila kuinua kichwa. "Sura hii nimeinawisha miaka themanini na sita, naijua. Nyie siku ile mlinikalisha mbele, mkanipa sifa, nikawapa mgongo watoto wangu wote. Wote walikuwa nyuma yangu! Niliyekuwa naye mbele alikuwa mmoja, wewe, na wewe kazi yako ilikuwa kunifokea nisipepese. Niliondoka pale sijamwona mtu. Nimekaa hapa mwezi mzima nangoja niwaone."

Bi Usipepese aliiweka kando bahasha tupu. Akachomoa daftari lenye majina, aliloazimwa na dereva, akasogea ubavuni kwa mkunga, wakaanza safu ya juu kabisa, kidole cha mkunga kikitangulia.

"Huyu?"

"Fundi seremala. Mtoto wa yule mama wa kinu."

"Alikuja na miguu mbele, huyu. Alinitoa jasho. Na huyu mwenye kipara?"

Bi Usipepese alifuata mstari kwenye daftari. "Dereva wa lori, Bibi. Alisimama nyuma kabisa, akaondoka mapema kuwahi safari. Wanasema mama yake alikuwa akiuza maziwa. Alizaliwa siku ya mafuriko."

Kidole kilisimama. "Wa miezi saba?"

"Hapa imeandikwa siku ya mafuriko tu."

"Ni wa miezi saba. Alikuwa anaenea kwenye kiganja changu hiki. Tulimviringa pamba, tukamtia kwenye boksi, tukampandisha gari kwenda hospitali kubwa, na mama yake hakurudi tena mji huu. Mimi nilijua hakufika." Alisogeza jicho lake mpaka kope zikagusa karatasi. "Miaka yote hii nilijua hakufika."

Mtaalamu aligeukia ukutani akajifanya anapenga kamasi. Mkunga alikipapasa kile kipara kidogo kwa ncha ya kidole, taratibu, huku machozi yakidondoka kwenye watu wa safu ya tatu, na Bi Usipepese, ambaye kwa kawaida angemtoa roho mtu anayelowesha picha, aliishikilia tu karatasi isiteleze.

"Ona," alisema mkunga. "Amekua mpaka nywele zimemwisha. Haya, nisomee anayefuata."